Bia nyeusi na vanila: shajara ya ndoo nne, Malindi

18 Februari

Ndoo imekaa ndani ya karai la maji, imevikwa leso kuukuu iliyorowa, na feni inaipulizia kama mgonjwa wa homa. Kaskazi imepamba moto. Saa mbili usiku chumba bado kinasoma nyuzi 31. Hamira niliyotia ni ile ya kawaida ya bia, ambayo karatasi yake inataka nyuzi 18 hadi 22. Hapa Malindi nyuzi 18 utazikuta ndani ya friji tu. Leso na karai vimeniteremshia hadi 27. Nikatia chupa mbili za barafu ikawa 25, usiku wa manane stima ikapotea, feni ikanyamaza, nami nikalala.

Naandika safari hii kwa sababu huko nyuma nimepika mara tatu bila kuandika kitu, na ile moja iliyotoka vizuri siwezi kuirudia hata nikipigiwa ngoma. Kazi niliyojipa ni hii: bia nyeusi, lita 10 kwa kila ndoo, ya kunywa nyumbani na jamaa, si ya kuuza, na ndani yake vanila. Vanila yenyewe nataka ikae kama halua kando ya kahawa chungu. Mzee barazani akishika kikombe chake hasemi “hii halua tamu”, anasema kahawa ya leo imekubali.

Nilipomweleza shangazi alicheka. “Si utie iliki tu, mwanangu? Vanila ni ya keki.” Ana haki yake. Jikoni kwetu pote ambapo watu wa kwingine wangetia vanila sisi tumetia iliki: mahamri, kaimati, chai, uji. Mimi vanila niliijua kwenye aiskrimu za Wataliano, tena kwa kununuliwa, mara mbili kwa mwaka.

Vipimo vya leo: kimea cha shayiri kilo mbili na nusu, alichoniletea rafiki kutoka Nairobi. Shayiri kavu gramu 250, zile za kupikia uji, nikazikaanga mwenyewe kwenye kikaango cha chapati mpaka zikawa rangi ya buni iliyoungua. Moshi ulijaa nyumba nzima. Hopsi gramu 15, yale maua makavu yanayoleta uchungu, zikachemka saa nzima. Kimea nilikiloweka kwenye maji ya nyuzi 65 kwa saa moja, nikakichuja, machicha yakaenda kwa kuku wa jirani. Kile kimiminika kitamu kabla ya hamira nakiita togwa, kwa kukosa neno lililo karibu zaidi. Haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyomo, inasoma 1.055.

Majirani zangu wa ubavuni ni Waislamu. Siku ya kuchemsha nafunga dirisha la upande wao na kufungua la nyuma. Hawajawahi kusema neno, na sitaki wafike mahali pa kusema.

9 Machi

Haidromita imeshuka hadi 1.012. Hamira imekula karibu kila kitu, na harufu ina ndizi mbivu kwa mbali. Hilo ni deni la joto: hamira ikifanya kazi mahali pa moto hutoa harufu za matunda usizoziagiza.

Nimetia chupani. Nusu ya kwanza nimeiacha kama ilivyo, nusu ya pili nimeitia arki ya vanila ya dukani, kizibo kimoja cha chupa yake. Sukari gramu 6 kwa lita, ili hamira iliyobaki itengeneze gesi ndani ya chupa.

Kesho kutwa Ramadhani inaanza. Sitawasha jiko la bia mpaka Idi ipite.

30 Machi

Nimefungua ya arki. Ukiinusa, keki. Ukiinywa, kavu na chungu kama dawa ya mitishamba. Pua inaahidi keki, ulimi unapewa shubiri. Nimekaa na glasi karibu nusu saa nikijiuliza kosa liko wapi, kwa sababu arki yenyewe haikuwa nyingi.

Nadhani ni hivi. Vanila haina utamu wake. Sisi tunaihesabu tamu kwa sababu hatujawahi kukutana nayo bila sukari. Ndani ya bia iliyokauka hivi, yenye hopsi gramu 15, inakuwa kama mgeni aliyekuja na manukato kwenye nyumba isiyo na kiti. Kwa hiyo kabla sijagusa vanila tena, bia yenyewe lazima ibaki na mwili.

Dawa yake iko kwenye joto la kulowekea. Ukiloweka kimea kwenye nyuzi 63 hadi 65, wanga wake huvunjika kuwa sukari ambazo hamira huzila zote. Ukipanda hadi 68 au 69, sehemu kubwa zaidi inabaki vipande vikubwa ambavyo hamira haiviwezi, na hivyo ndivyo vinavyojaza mdomo. Wengine hutia sukari ya maziwa, ambayo hamira ya bia haiigusi. Mjomba wangu maziwa yanamsumbua tumbo, kwa hiyo hiyo nimeiweka kando.

Na arki nayo imekwenda kando, kwenye kabati la shangazi inakostahili. Hii ya bei rahisi ni vanilini, kile kitu kikuu kinachobeba harufu ya vanila, ya kiwandani peke yake. Ndani ya keki hainisumbui. Ndani ya bia naisikia imesimama peke yake juu, haichanganyiki na chochote.

20 Aprili

Ndoo ya pili. Nimeloweka kwa nyuzi 69, hopsi nimeshusha hadi gramu 10, vingine vile vile.

Hamira nimebadilisha, na hili ndilo jambo kubwa la leo hata kama vanila itanishinda. Inaitwa kveik. Wakulima wa magharibi mwa Norwei wameitunza majumbani vizazi kwa vizazi, wakiikausha na kuihifadhi kati ya pishi moja na jingine, nayo hufanya kazi kwenye nyuzi 35, hata karibu na 40, bila kuharibu ladha. Fikiria: nchi ya theluji ndiyo iliyofuga hamira ya kuifaa Malindi. Karai limerudi kufua nguo na leso imerudi kwa mwenyewe.

Vanila: shangazi amerudi kutoka arusini Zanzibar, akaniletea vijiti sita vilivyofungwa kwa uzi mwekundu. Tunaviita vijiti, lakini ni tunda, ganda la okidi inayotambaa mitini, asili yake Meksiko. Vinatakiwa viwe vyeusi, laini, vyenye mafuta, vijizungushe kwenye kidole bila kukatika. Viwili vilikuwa na unga mweupe juu na shangazi alishachukua kitambaa kuvifuta. “Vimeota ukungu hivi, wameniuzia vibovu.” Nikamshika mkono. Tulivipeleka dirishani: si unga, ni vijisindano vyembamba vinavyong’aa, vanilini iliyotoka ndani ikaganda juu. Ukungu ungekuwa kama pamba na ungenuka uvundo. Hivi vilinuka kama sanduku la bibi lenye tende, ngozi na moshi kidogo.

Alitaka kujua kwa nini ni ghali hivyo. Nikamwambia ninayoyajua. Ua lake hufunguka siku moja tu, na nje ya kwao hakuna mdudu wa kutegemea kulichavusha, kwa hiyo kila ua huchavushwa kwa mkono. Aliyegundua namna ya kufanya hivyo kwa kijiti na kidole gumba ni mtoto wa miaka 12, Edmond Albius, mtumwa katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841. Madagaska na Komoro zimepata utajiri wa vanila kwa ujanja ule. Yeye alikufa maskini. Kisha tunda hukaa miezi minane au tisa likikomaa, na likichumwa bichi halina harufu ya maana. Hutiwa kwenye maji moto, hufunikwa mablanketi litoke jasho, huanikwa na kukusanywa kila siku kwa wiki nyingi, halafu hufungiwa miezi ndipo harufu itulie. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. “Na wewe unakwenda kuitia kwenye pombe.”

Vijiti viwili nimevipasua, nikakwangua ile mbegu nyeusi, nikatia vyote kwenye sufuria dakika 15 za mwisho za kuchemsha. Nyumba ilinukia mpaka kwenye mapazia.

11 Mei

Masika imeshuka kwelikweli. Mto Sabaki umemwaga tope lake na bahari yote ya mjini imekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Ndoo ya pili: haidromita 1.017. Mwili upo, uchungu umetulia, ndizi hakuna. Bia nzuri sana. Vanila haipo. Nimeitafuta na glasi baridi, glasi vuguvugu, macho yamefumbwa. Hakuna.

Ile harufu iliyokaa kwenye mapazia ndiyo niliyokusudia inywewe. Mvuke ulichukua sehemu yake, na mapovu ya hamira, siku zile tatu za vurugu, yakabeba nyingine. Lakini mwizi mkubwa ni hamira yenyewe: huigeuza vanilini kuwa kitu kingine cha jamii hiyohiyo kisicho na harufu kubwa. Yaani nilimtilia fisi nyama kwenye chungu nikategemea kuikuta asubuhi. Vijiti viwili! Sijamwambia shangazi.

Kuanzia leo vanila haiingii mpaka hamira imalize kula.

1 Juni

Ndoo ya tatu nilipika tarehe 12 Mei, siku moja baada ya hasira ile, kwa vipimo vilevile. Tarehe 18 haidromita ilikuwa imesimama kwenye 1.016 siku mbili mfululizo, nikaona hamira imelala. Vijiti vitatu vilikuwa vimelowa kwenye vodka kidogo tangu siku mbili nyuma, kuua vijidudu na kuanza kutoa harufu, maana vanila hujitoa kwenye pombe kali upesi kuliko kwenye maji. Nikavimwaga vyote pamoja na vodka yake. Mpango ulikuwa nionje siku ya nne, halafu kila siku, nikitosheka nivitoe.

Siku ya tatu nikaitwa matanga Ganze. Matanga ni matanga. Nimerudi leo, siku ya kumi na nne.

Nilipoinua kifuniko nilirudi nyuma hatua moja. Mjomba alikuwa mlangoni anavua viatu, akauliza kabla hajaingia, “Mnampikia nani arusi?” Nilimpa glasi. Mjomba amegema minazi miaka mingi, asubuhi na jioni, kotama kiunoni. Pua yake inajua tembo tamu na tembo kali kwa hatua zake zote za katikati, saa kwa saa. Alinusa, akanywa funda moja, akaiweka glasi chini kwa adabu ile ya mtu anayekuhurumia. “Siku ile nilikusifu,” akasema. Nilijua anakokwenda: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. “Mie maji sikutia, mjomba.” “Ndiyo. Umetia marashi.”

Juu ya harufu kuna ladha ya mti, kama ukitafuna kijiti cha kiberiti. Hiyo nadhani ni maganda kukaa muda mrefu kwenye joto hili. Watu wa nchi za baridi huandika siku saba, kumi, bila wasiwasi. Ndoo yao iko kwenye nyuzi 18. Yangu ilikuwa 29.

Sikumwaga. Nimejaza chupa 18, nimezipiga vizibo, nimezisukuma chini ya kitanda upande wa ukutani. Kwenye kila kizibo nimeandika 3 kwa kalamu ya wino mzito, na kwenye kimoja, kwa hasira, nimeandika MARASHI.

2 Juni

Kabla sijasahau, jaribio moja la jana usiku. Nilichukua glasi ya ndoo ya tatu iliyosalia nikaichanganya na ya ndoo ya pili, moja kwa moja. Bado kali. Moja kwa mbili: karibu. Moja kwa tatu: nilikunywa glasi nzima nikiwaza mambo mengine, ndipo nikashtuka kwamba imekwisha. Basi kipimo kipo, na si kijiti kuelea kwenye ndoo mpaka nikumbuke. Ni kukichukua nje, kwenye glasi, kidogo kidogo, kisha kukizidisha.

20 Julai

Kusi inavuma, chumba kina nyuzi 26, hata mende wamepungua. Ndoo ya nne imefika 1.016 na imetulia.

Kijiti kimoja kilichobaki, na kingine nilichonunua mwenyewe (sitaandika bei, shajara hii mke wangu huisoma), vimekaa wiki tatu kwenye mililita 60 za vodka, kwenye chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, nikiitikisa kila ninapopita. Maji yamekuwa meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

Duka la dawa niliomba sirinji ya mililita moja. Muuzaji aliniuliza ni ya sindano gani. Nikamwambia ni ya bia. Alinitazama, akanipa, hakurudisha chenji mpaka nilipoiomba.

Glasi tano, kila moja mililita 100 za bia iliyotoka kwenye ndoo. Ya kwanza sikuitia kitu. Zilizobaki nimezitia ile vodka ya vanila, mililita 0.1, 0.2, 0.4 na 0.8. Chini ya kila glasi nimebandika karatasi yenye kipimo, nikazichanganya mpango ili hata mimi nisijue. Waonjaji: mjomba, rafiki fundi wa kuchomelea ambaye huona bia zote ni sawa (mtu wa maana sana kuwa naye), mimi, na shangazi, ambaye hanywi lakini amekubali kunusa, “kwa faida ya elimu”.

Shangazi aliitenga ya 0.8 papo hapo. “Hii ni keki yangu.” Fundi alipenda ya 0.4, na alipoulizwa ina nini akasema chokoleti. Chokoleti haimo. Hilo limenifurahisha kuliko jibu lolote la siku hii: vanila ilikuwa imejificha ndani ya shayiri iliyoungua na kumfanya aone kitu cha tatu. Mjomba alizunguka na glasi mbili muda mrefu, moja ya 0.2 na moja isiyo na kitu. “Hii imekamilika,” akasema, akishika ya 0.2. “Na hii ina njaa.” Ya 0.1 hakuna aliyeitofautisha na ile tupu, hata mimi.

Nimekata katikati: 0.3. Yaani mililita 3 kwa lita, 30 kwa ndoo nzima, nusu ya chupa ya kikohozi. Ukihesabu, ni kijiti kimoja kwa lita 10. Ndoo ya tatu nilitia vitatu na vikakaa siku kumi na nne. Haya, sawa.

Nimetia, nimekoroga taratibu bila kupiga povu, nimejaza chupa.

17 Agosti

Ndoo ya nne baada ya wiki nne. Povu la rangi ya kahawia linashika glasi, linashuka polepole. Kwanza kahawa chungu, halafu mwishoni kitu cha duara ambacho hakina jina mpaka ukitafute. Mjomba amekunywa mbili na kuzungumzia ukame wa zamani, hakuzungumzia bia. Nimeandika vipimo vyote kwenye jalada la daftari kwa wino usiofutika.

19 Oktoba

Chupa za ndoo ya nne zimebaki tatu, na nimeona jambo lisilonipendeza. Vanila inaondoka. Ile ya juma lililopita ilikuwa nayo kidogo. Ya jana ni bia nyeusi nzuri tu, ndoo ya pili ilivyokuwa. Miezi mitatu kwenye chumba cha Malindi, na 0.3 yangu niliyoipima kwa sirinji imeyeyuka.

Leo tulisogeza kitanda kupaka rangi ukuta. Chupa za marashi zilikuwa pale zote, vumbi juu, moja imevuja kidogo na sisimizi wameifanyia mkutano. Nilitaka vile vyombo tu, chupa za kahawia ni shida kupata. Nikaanza kufungua moja moja kumwaga kwenye sinki, ya kwanza ikiwa ile yenye neno MARASHI. Ilipiga pshh, na harufu iliyotoka ikanifanya niinue shingo ya chupa kabla haijamaliza kumwagika.

Ladha ya mti haipo. Keki haipo. Vanila ipo, lakini imeingia ndani na kukaa, na chini yake kuna kitu kama tende iliyolowa. Nilichukua chupa ya ndoo ya nne, nikamimina glasi mbili, nikamwita mjomba bila kumwambia ipi ni ipi. Alinywa ya kushoto. Alinywa ya kulia. Akarudi ya kulia.

“Hii uliipika lini?”

“Mei.”

“Ile ya arusi?”

Nikanyamaza. Akanyoosha glasi ijazwe.

Zimebaki 17. Nimezifuta vumbi, nimezirudisha chini ya kitanda kabla rangi haijakauka vizuri, na sasa zina doa jeupe kila moja. Ndoo ya tano ni Jumamosi: kijiti kimoja na nusu kwa lita 10, kwa kupima kwenye glasi kama kawaida, halafu nusu ya chupa nitazifungua Desemba na nusu sitazigusa mpaka masika.